Anayewania Cheo cha Juu Aachie Kwanza Kiti Alichokalia

Muhula unapofika katikati huanza kuonekana dalili ambazo wananchi wa nchi nyingi zinazofanya uchaguzi huzitambua bila kuambiwa. Meya aliyekuwa akikagua masoko na mifereji ya mji wake anaonekana zaidi kwenye sherehe za miji ya jirani. Mwenyekiti wa halmashauri aliyekuwa hakosi kikao cha kamati ya fedha anatuma udhuru. Mabango ya miradi yanakuwa na picha kubwa ya kiongozi na maelezo machache kuhusu mradi wenyewe. Akiulizwa, atajibu kwamba bado anawasikiliza wananchi, lakini watumishi wa ofisi yake, wapinzani wake na waandishi wa habari wanajua kwamba ameshaanza kuutafuta ubunge, ugavana au urais, ilhali amebakiwa na miaka miwili ya kazi ambayo aliiomba mwenyewe.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kiongozi mtendaji wa serikali ya mitaa, yaani yule anayeshika kalamu ya kuidhinisha malipo na kuamuru watumishi, akitaka kuwania cheo cha juu wakati muhula wake umebakiza zaidi ya mwaka mmoja, anapaswa kukiachia kiti siku anapoingia kwenye kinyang'anyiro, bila kusubiri kuona kama atashinda. Sina ugomvi na nia ya kupanda, kwa kuwa nchi inahitaji wabunge na marais waliowahi kupambana na taka zisizozolewa na mabomba yaliyopasuka. Ninachokipinga ni kuifanya kazi ya watu kuwa mahali pa kusubiria kazi nyingine.

Kinachopotea hakionekani kwa urahisi kwa sababu ofisi haifungwi. Milango iko wazi, watumishi wanaripoti asubuhi, na barua zinapokelewa na kupigwa mhuri. Lakini chukua mfano wa mkataba mmoja tu wa bomba la maji. Mkandarasi ameshamaliza hatua ya kwanza, mhandisi amekagua na kuandika cheti cha kazi iliyofanyika, na jalada limefika mezani kwa kiongozi likingoja saini ili malipo yatoke na hatua ya pili ianze. Kiongozi yuko kwenye msafara. Naibu wake anaweza kuongoza kikao na kupokea wageni, lakini hana madaraka ya kuidhinisha kiasi kile cha fedha, na hata pale anapokaimishwa rasmi husita, kwa kuwa hajui kama bosi wake atarudi baada ya wiki moja au hatarudi kabisa. Mtendaji mkuu naye anajiepusha na uamuzi wowote mzito, maana baada ya miezi michache anaweza kuwa chini ya mtu mwingine mwenye mtazamo mwingine. Kamati ya fedha inaahirishwa kwa kukosa akidi, kwa sababu madiwani walio upande wa kiongozi wamefuatana naye kwenye kampeni. Hakuna aliyeiba chochote hapo, na hakuna kosa ambalo mkaguzi wa hesabu angeliandika kwenye taarifa yake; wenye mtaa ule ndio wanaoendelea kununua maji ya kubebwa.

Tarehe 13 Julai 2019 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Manhattan, taa za kuongozea magari zikazimika, watu wakakwama kwenye lifti na treni za chini ya ardhi zikasimama. Meya wa New York, Bill de Blasio, ambaye miezi miwili kabla alikuwa ametangaza kuwania urais wa Marekani, alikuwa Iowa akiomba kura. Umeme ulirejea usiku uleule kabla yeye hajafika, na ni kweli kwamba meya hawashi mitambo kwa mkono wake. Hata hivyo, wakazi wa jiji lile waliona waziwazi jambo ambalo kwa kawaida hujificha: mtu waliyemkabidhi dhamana ya siku za dharura alikuwa amejipangia kuwa mahali pengine. Aliacha mbio zile mwezi Septemba mwaka huohuo, akarudi kwenye kiti chake, akakikalia hadi mwisho wa mwaka 2021. Mwaka 2023 bodi ya jiji inayosimamia migongano ya maslahi ilimwamuru alipe takriban dola 475,000, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za umma zilizogharimia safari za walinzi wake wa polisi katika kampeni ile.

Suala la walinzi linastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu linaonyesha jinsi mipaka inavyofutika hata pasipo nia mbaya. Meya wa jiji kubwa anahitaji ulinzi popote alipo, awe kazini au kampeni, na hakuna mtu mwenye busara atakayesema alindwe mjini kwake na aachwe peke yake akivuka mpaka. Lakini mlinzi anapanda ndege, analala hotelini na kula, na gharama hizo zinatokana na safari ambayo mlipakodi wa mji ule hana faida nayo. Ukiacha ulinzi kuna gari, kuna dereva, kuna mwandishi wa hotuba, kuna mpigapicha wa ofisi ambaye picha alizopiga kwenye uzinduzi wa zahanati zinaonekana kesho yake kwenye kipeperushi cha mgombea. Kutenganisha saa za kazi na saa za kampeni katika maisha ya mtu mmoja, aliyezungukwa na watumishi walewale, ni kazi ambayo hata kiongozi mwaminifu huishindwa.

Juu ya hayo kuna michango ya kampeni, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mgombea yeyote huomba fedha, lakini mgombea ambaye bado ameikalia ofisi ya mji huwaomba watu wenye maombi yanayosubiri uamuzi wake: kibali cha ujenzi, zabuni ya usafi, leseni ya kituo cha mabasi. Mchangaji hahitaji kuambiwa chochote. Anajua kwamba aliyempigia simu kuomba mchango ndiye atakayeliona jalada lake mwezi ujao, na anajua pia kwamba mtu huyo akishindwa uchaguzi wa juu atarudi kwenye meza ileile akiwa na kumbukumbu ya nani alichangia na nani alisingizia safari.

Hapo ndipo naona kiini cha dhuluma. Kuwania cheo cha juu ukiwa umekishikilia cha chini ni kucheza kamari kwa fedha ya mwenzio, kwa sababu ukipata faida ni yako na ukikosa hupungukiwi na kitu. Anayerudi baada ya kushindwa mara nyingi hawi yule aliyeondoka. Kata zilizompa kura chache zinajulikana kwa majina, watumishi waliokataa kuonekana kwenye msafara wanajulikana kwa sura, na bajeti inayofuata iko mikononi mwake. Si lazima alipize kisasi. Inatosha watu wakihofu kwamba anaweza kukilipiza, kwani hofu hiyo peke yake hubadilisha namna wanavyosema ukweli mbele yake.

Ukubwa wa tatizo hili, hata hivyo, unategemea sana kalenda ya uchaguzi, na nashangaa kwamba mijadala mingi hailigusi. Nchini Kenya wananchi hupiga kura sita kwa siku moja, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, kama walivyofanya tarehe 9 Agosti 2022. Sheria hairuhusu mtu kuwania viti viwili kwa pamoja, hivyo mwakilishi wa wadi anayetaka ubunge, au seneta anayetaka ugavana, anakipoteza kiti cha zamani siku ileile anapoamuliwa kuhusu kipya. Johnson Sakaja alipotoka useneta wa Nairobi na kuwa gavana wa kaunti hiyo mwaka 2022, hakuwa na kiti cha kurudia kama angeshindwa. Kamari niliyoieleza haipo kwa sura ile, na kinachobaki ni matumizi ya ofisi katika miezi ya mwisho.

Lakini hapohapo Kenya kuna tofauti ambayo siwezi kuitetea. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inamtaka mtumishi wa umma anayekusudia kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, kisha inawaondoa kwenye sharti hilo rais, naibu wake, wabunge, magavana, manaibu wao na wawakilishi wa wadi. Mwezi Februari 2022 mawaziri Charles Keter, John Munyes na Adan Mohamed waliacha uwaziri ili wawanie ugavana, na hakuna hata mmoja wao aliyeupata. Wao angalau walikuwa watu wenye majina na uwezo. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuiwakilisha wadi yake naye hukosa mshahara miezi sita kwa hofu kwamba angeutumia ualimu wake kujipigia debe, wakati gavana anayeidhinisha mabilioni ya kaunti anaendelea na madaraka yake yote hadi mwisho. Kama lengo ni kuzuia mali ya umma isitumike kwenye kampeni, basi sharti limewekwa kwa yule asiye na mali ya kutumia na likaondolewa kwa yule anayeishika.

Brazil wamelipanga kinyume, na nadhani wao ndio walioona vizuri palipo na hatari. Ibara ya 14 ya katiba yao ya mwaka 1988 inamtaka rais, gavana au meya anayetaka cheo kingine ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, na sharti hilo haliwagusi madiwani, kwa kuwa diwani hana hazina. Kalamu ya malipo inawekwa chini kabla ya kipaza sauti kuchukuliwa. Upungufu wa mpango huo uko kwenye kalenda: mameya huchaguliwa mwaka 2016, 2020, 2024, na magavana pamoja na rais mwaka 2018, 2022, kwa hiyo uchaguzi wa juu huwakuta mameya wote katikati ya muhula wa miaka minne, wakati vishawishi vimepamba moto.

Jiji la São Paulo limeyaonja hayo zaidi ya mara moja. José Serra alichaguliwa meya mwaka 2004 baada ya kutia saini karatasi hadharani akiahidi kuumaliza muhula, na mwezi Machi 2006, akiwa ametumikia miezi 15 tu, akaondoka kwenda kuwania ugavana wa jimbo, akashinda. João Doria alichaguliwa meya mwaka 2016, naye pia akaahidi kubaki, akajiuzulu mwezi Aprili 2018, akauchukua ugavana mwezi Oktoba katika duru ya pili. Ushindi wa Doria una jambo ambalo kila meya anayefikiria kuondoka angelipima: alishinda katika jimbo zima, lakini ndani ya jiji lenyewe, kwa wapigakura waliomwona akitoka, aliangushwa. Mwaka 2022 aliuacha ugavana nao ili awanie urais, kisha mwezi Mei, kabla ya kampeni rasmi hata kuanza, chama chake kilipokosa kumuunga mkono, akajitoa. Akawa amekosa vyote viwili.

Wapo wanaoutumia mkasa huo wa mwisho kuonyesha kwamba sheria ya kujiuzulu ni kali mno. Kwangu unaonyesha kwamba sheria ilifanya kazi, kwa sababu aliyetaka kupanda alilipia uamuzi wake mwenyewe, na jimbo likaendelea na gavana mwingine bila kumsubiri.

Marekani, kwa vile kila jimbo lina sheria zake, ni mahali pazuri pa kulinganisha. Majimbo matano, yaani Arizona, Florida, Georgia, Hawaii na Texas, yana sheria zinazomlazimu kiongozi ajiuzulu ili awanie cheo kingine, kila moja kwa namna yake. Arizona inamruhusu abaki kitini endapo yuko mwaka wa mwisho wa muhula, na Texas, kupitia ibara ya 16 ya katiba yake, inahesabu kwamba kiongozi wa kaunti ameshajiuzulu pindi anapotangaza nia akiwa bado na zaidi ya mwaka mmoja na siku 30. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikubali sheria za aina hiyo katika shauri lililotoka Texas. Msamaha wa mwaka wa mwisho ndio ninaouona wa haki, kwani kiongozi aliyefanya kazi miaka mitatu kati ya minne hajamtelekeza mtu, na si vyema kumfungia mlango kwa miezi michache iliyobaki.

Mfano wa Florida mwaka 2023 unanisikitisha. Gavana Ron DeSantis, akijiandaa kuwania urais, alitia saini sheria iliyowaondoa wanaowania urais na umakamu wa rais kwenye sharti la kujiuzulu. Huenda mabadiliko yenyewe yana hoja zake, lakini kanuni ya uchaguzi inayobadilishwa mwaka ambao mhusika wake mkuu anaihitaji hupoteza heshima hata kama imeandikwa vizuri. Mabadiliko ya namna hiyo yangeanza kutumika kuanzia muhula unaofuata, ili anayeyapitisha asiwe wa kwanza kuyafaidi.

Tatizo la kutafsiri neno kutangaza nalo halikwepeki. Sheria inayoanza kuuma siku kiongozi anapotamka kwamba anagombea huwafundisha viongozi kutotamka. Watazunguka nchi nzima, watafungua ofisi, marafiki watawachapishia fulana, na wao watasema bado wanatafakari. Ningependa sheria ishike matendo yanayoweza kuthibitishwa kwa nyaraka: kupokea mchango wa kwanza, kufungua akaunti ya kampeni, kulipia tangazo, kuchukua fomu ya chama. Siku ambapo mojawapo ya hayo linafanyika ndiyo siku ya kuhesabu, na maneno ya jukwaani yaachwe kando.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu inatoka Indonesia. Joko Widodo alichaguliwa meya wa Solo mwaka 2005, akachaguliwa tena mwaka 2010 kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura, mwaka 2012 akaacha muhula wa pili na kuwa gavana wa Jakarta, na mwaka 2014, kabla hajatimiza hata miaka miwili huko, akawania urais na kushinda. Katika nchi iliyozoea marais wenye asili ya jeshi au koo kubwa za siasa, mtu aliyejulikana kwa kuhamisha wachuuzi kwa mazungumzo badala ya marungu alipanda haraka, na wengi walimtaka apande haraka. Wakati wa kampeni za urais alichukua likizo badala ya kujiuzulu, naibu wake Basuki Tjahaja Purnama akakaimu. Je, ningemzuia? Sheria ninayoitaka haizuii mtu kugombea. Ingemtaka tu aiache Jakarta mwezi Juni badala ya Oktoba, na kama kweli nchi nzima ilikuwa ikimsubiri, asingepungukiwa na kura. Hata hivyo nakiri uzito wa hoja: mtu asiye na mali, ambaye mshahara wa umeya ndio unaoilisha familia yake, angefikiri mara mbili, na tajiri asingefikiri hata mara moja. Ndiyo maana siwataki madiwani wa kawaida wabanwe kama watendaji wakuu. Diwani asiyeshika fungu lolote apewe likizo bila posho wakati wa kampeni, basi.

Wengine husema yote haya waachiwe wapigakura, kwamba kiongozi akiwatelekeza watamwadhibu. Tatizo ni kwamba wanaotelekezwa na wanaoulizwa si watu walewale. Mji una wapigakura laki kadhaa, na cheo cha juu kinaamuliwa na mamilioni ambao hawajawahi kusubiri saini ya meya yule. Doria aliadhibiwa na jiji lake na bado akawa gavana. Serra aliivunja ahadi yake ya maandishi na akashinda ugavana katika duru ya kwanza. Ahadi ya kumaliza muhula isiyo na nguvu ya kisheria hudumu hadi nafasi ya kwanza nzuri itakapotokea.

Kilichobaki ni swali la nani anakikalia kiti kilichoachwa, nalo ninaliona limepuuzwa mno. Pale ambapo kuna uchaguzi mdogo, mji unagharimia kura mara ya pili kwa uamuzi wa mtu mmoja. Pale ambapo naibu anarithi, hakuna gharama hiyo, lakini watu wanajikuta chini ya mtu ambaye jina lake walilipita haraka kwenye karatasi ya kura. Wakazi wa São Paulo waliomchagua Doria mwaka 2016 waliongozwa na Bruno Covas kwa sehemu kubwa ya muhula ule. Walipomchagua Covas mwenyewe mwaka 2020, alifariki mwezi Mei 2021 na naibu wake Ricardo Nunes akaushika mji, na mwaka 2024 Nunes akachaguliwa kwa kura zake mwenyewe. Kifo hakina sheria, lakini ukichanganya kifo na kuondoka kwa hiari, naibu si mtu wa pembeni hata kidogo. Mgombea mwenza wa umeya awekewe mdahalo wake mwenyewe, aulizwe kuhusu bajeti, madeni ya mji na mikataba inayoendelea, na atakapoapishwa apewe nakala ya kila jalada la mradi mkubwa tangu wiki ya kwanza, ili meya akijiuzulu siku ya Ijumaa bomba la maji lisainiwe Jumatatu.